Kadi za Kutengeneza kwa Mkono: Mwongozo Kamili wa Ubunifu, Kuanzia Bahasha hadi Neno la Ndani

Anza na bahasha. Wengi hununua manila, wakakata, wakapamba, wakaandika, na mwisho kabisa ndipo wanazunguka maduka ya steshenari ya Moshi au Arusha wakiulizia bahasha ya kutosha kadi yao. Haipo. Bahasha zimekwisha kupimwa kiwandani, na kadi ndiyo inayotakiwa kuzifuata. Kwa hiyo siku ya kwanza usinunue kitu kingine. Nunua bahasha, zipime kwa rula, kisha rudi nyumbani ukafikiri.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza kadi zake mwenyewe za Krismasi, Idd, harusi, komunyo ya kwanza, kipaimara, mahafali au pole ya msiba, na pia wa yule anayefikiria kuziuza. Simu imerahisisha salamu, na hata kadi za michango nyingi siku hizi zinatumwa kwa WhatsApp. Kadi ya karatasi imebaki na kazi yake: inasimama juu ya kabati sebuleni mwezi mzima, na bibi kule Kibosho anaweza kuishika, kuigeuza na kumwonyesha jirani. Kitu kinachotazamwa muda wote huo kinastahili kubuniwa. Na kubuni, kwa maoni yangu, kuna kanuni moja inayozidi nyingine zote: kadi moja iseme jambo moja. Rangi, jani, kitambaa na maneno vyote vinapimwa kwa hilo, na kisicholisaidia jambo hilo kinatolewa.

Vipimo vinavyokubaliana na bahasha

Bahasha nyeupe ndefu ya barua za ofisi ina mm 110 kwa 220. Bahasha ya kadi, yenye alama ya C6, ina mm 114 kwa 162. Kubwa yake, C5, ina mm 162 kwa 229. Ukishazijua hizo tatu, mambo mengine yanatoka kwenye karatasi ya A4, ambayo ina mm 210 kwa 297.

Kata A4 katikati upate vipande viwili, kisha kunja kila kimoja. Unapata kadi mbili za mm 105 kwa 148, na hakuna hata ukanda mmoja unaotupwa. Kadi hiyo inaingia kwenye C6 ikibakiza mm 9 upande mmoja na 14 upande mwingine, nafasi ambayo inatosha hata ukibandika jani kavu juu yake. Anayeanza aanze na kipimo hiki na asihangaike na kingine mpaka mkono wake uzoee.

Kwa bahasha ndefu, kata kutoka kwenye urefu wa A4 ukanda wa mm 99. Kinachobaki ni kipande cha mm 198 kwa 210; kikunje ule upande wa 198 uwe 99. Kadi ni mm 99 kwa 210, na ule ukanda ulioukata una ukubwa uleule wa uso wa kadi. Huo ndio utakaoubandika ndani kwa ajili ya maandishi, au uufanye kadi ya pili isiyokunjwa. Umbo hili refu linapendeza kwa kitu kirefu: mgomba, twiga, mtu aliyesimama. Ukililaza, linakupa mstari mzuri wa mlima. Usililazimishe libebe kitu cha duara.

Ukikosa bahasha ya kukufaa, itengeneze. Kwa kadi ya mm 105 kwa 148, kata mraba wa sm 19. Laza kadi katikati ya mraba huo ikiwa imekaa mshazari, yaani pembe za mraba zielekee juu, chini, kushoto na kulia. Kunja pembe za kushoto na kulia zije juu ya kadi, kisha ile ya chini uibandike juu ya hizo mbili. Pembe ya juu ndiyo mfuniko. Karatasi nzuri ya kazi hii ni kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita: ni imara, na mgongo wake ni mweupe. Weka upande mweupe nje ili anwani isomeke, na picha ibaki ndani, imshangaze anayefungua.

Karatasi na mkunjo

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Haisimami. Kadi inataka gramu 200 hadi 300. Dukani usisumbuke kuuliza gramu, kwa sababu muuzaji naye huenda hana habari. Shika karatasi kwa pembe moja uinyanyue. Ikilegea na kuanguka upande, iache au upange kuibandika mbili pamoja. Manila nyingi za rangi ni nyepesi kuliko ile nyeupe, kwa hiyo mimi hushauri kadi yenyewe iwe nyeupe au ya rangi ya maziwa, na rangi zije kama vipande vya kubandika.

Kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: karatasi ina nyuzi, na nyuzi zinalala upande mmoja. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unakuwa safi. Ukikunja kuzikata, mgongo wa kadi unapasuka na kutoa manyoya meupe, na kwenye manila ya rangi iliyokoza aibu hiyo inaonekana kutoka mlangoni. Kuujua mwelekeo ni rahisi. Pinda karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza kwa upana, halafu kwa urefu. Mpindo unaokubali bila ubishi ndio unaofuata nyuzi. Panga vipande vyako hivyo kabla ya kukata chochote.

Mkunjo wenyewe unafanywa hivi:

1. Weka kadi juu ya gazeti lililokunjwa, uso wa nje ukiwa juu.
2. Pima katikati kwa juu na kwa chini, weka nukta mbili ndogo za penseli. Usipime mahali pamoja tu. Ndiyo sababu kadi nyingi huwa na mdomo uliopinda.
3. Laza rula ya chuma kwenye nukta hizo, kisha pitisha kalamu iliyoisha wino mara mbili, kwa kukandamiza bila kuchana. Utaona mfereji mwembamba.
4. Kunja kadi ili mfereji ubaki nje na kile kituta kilichojitokeza nyuma kiingie ndani.
5. Funika mkunjo kwa karatasi safi na uusugue kwa mgongo wa kijiko.

Kukata ni kwa wembe au kisu cha kukatia karatasi, kando ya rula ya chuma. Rula ya plastiki inaliwa na wembe, na mara moja inatosha kuiharibu. Mkasi uweke kwa ajili ya kitambaa na maumbo ya mviringo.

Kabla hujagusa gundi

Chukua kipande cha karatasi uandike sentensi moja: nani anapokea, na nini kimetokea. Kwa mfano, "Mtoto wa shangazi amemaliza kidato cha nne." Halafu jiulize, akiishika kadi hii, jicho lake lianguke wapi kwanza? Kadi za mahafali mara nyingi zina kofia, kitabu, kalamu, ua, mshumaa, nyota na neno HONGERA kwa pambo la kumetameta, vyote kwenye uso mmoja. Msomaji hapati pa kutua. Chagua kimoja. Kama mtoto huyo alikuwa akitembea kilometa nyingi kwenda shule, chora njia inayopanda kilima na jozi ya viatu. Kadi hiyo ni yake, na hakuna dukani inayofanana nayo.

Mpangilio wa uso wa kadi usitafute mbali. Khanga imetupa mfano tayari: pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati, na jina limekaa chini ya mji. Pindo la kadi liwe la mm 8 hadi 10. Linaweza kuwa mstari wa kalamu, ukanda wa kitenge au nafasi tupu tu. Mji ni ile picha yako moja. Jina ni neno lako, fupi, kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa meza. Ukikosa wazo kabisa, fuata mpangilio huo na kadi itakaa sawa.

Ukitaka kutoka nje ya mpangilio huo, sogeza picha ikae theluthi moja ya uso, na theluthi mbili uziache wazi. Nafasi tupu inatisha watu. Mkono unawasha kuongeza ua moja hapa, nukta pale. Acha. Weka kadi mezani, enda kaoshe vyombo, urudi uitazame tena. Kama bado inakuita uongeze kitu, ongeza kimoja. Mara nyingi utaona inatosha.

Kuhusu rangi nitasema machache. Chukua tatu: moja itawale, ya pili isaidie, ya tatu ionekane kidogo tu mahali unapotaka jicho liende. Maandishi yawe meusi au ya rangi iliyokoza juu ya rangi nyepesi. Kalamu ya bluu juu ya manila nyekundu haisomeki, na mzee mwenye miwani atampa mjukuu amsomee, jambo ambalo hukulikusudia. Kadi ya pole isiwe na nyekundu wala pambo la kumeta. Nyeupe, kahawia na zambarau iliyopoa zinatosha.

Migomba

Huku kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, mali ya kutengenezea kadi inaning'inia shambani bure. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa, na shina lake na majani yake makavu hubaki. Kutoka kwenye shina na majani hayo unapata rangi nyingi bila kununua hata kopo moja: manjano ya majani makavu, kahawia ya asali, kahawia nzito, na kwenye maganda yaliyonyeshewa, karibu nyeusi. Kadi iliyobuniwa kwa rangi hizo nne tu haiwezi kugombana yenyewe kwa yenyewe, kwa sababu zote zimetoka kwenye mti mmoja.

Chukua majani yaliyokaukia kwenye mgomba, si yale yaliyolala chini yakaanza kuoza. Maganda ya shina yabandue moja moja. Yafute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha yapige pasi ya moto wa wastani juu ya kitambaa cha pamba. Pasi inanyoosha na pia inawamaliza wadudu waliojificha kwenye mikunjo. Kipande chochote kinachonuka uvundo au chenye unga mweupe kitupe, kwa sababu ukungu utahamia kwenye kadi zote ulizozifunga pamoja.

Sasa tazama mistari yake. Ganda la mgomba lina mistari inayokwenda sambamba, na mistari hiyo ndiyo ubunifu wako. Ukikata mtu aliyebeba ndoo kichwani, mistari ya gauni lake ishuke chini. Ukikata mlima, mistari ilale. Paa la nyumba literemke na mistari. Ukikata bila kuitazama, picha inaonekana kama imekatwa kwenye boksi, hata kama umbo ni sahihi. Chora umbo nyuma ya ganda kwa penseli, likiwa limegeuzwa, ukate kwa mkasi mdogo, na ulipange juu ya kadi bila gundi kwanza.

Mlima nao una sura yake, na watu wa hapa wanaijua. Wengi wanaochora Kilimanjaro wanachora pembetatu yenye kofia nyeupe. Ukiwa Moshi mjini ukitazama kaskazini, Kibo, kilele kirefu kuliko vyote, iko kushoto, pana, kichwa chake kikiwa karibu bapa. Mawenzi iko kulia, fupi zaidi, imejaa meno. Kati yao kuna tandiko refu lililolala. Chora hivyo. Mita 5,895 za Kibo hazihitaji kuongezewa ncha. Mlima Meru ndio wenye mchongoko, na upande wake wa mashariki umebomoka. Ukimtumia mtu wa Arusha kadi yenye Kibo, ataipokea kwa heshima, lakini ukimwekea Meru yake atatabasamu. Theluji ya Kibo ipate kwa kuchana karatasi nyeupe kwa mkono badala ya kuikata, maana ukingo uliochanika una uhai ambao mkasi hautoi.

Jani moja linahitaji adabu. Isale kwa Wachagga ndilo jani la kuombea msamaha na kupatanisha, na ndilo linalopandwa mipakani na kwenye makaburi ya wazee. Lichore au ulibandike kwenye kadi ya kuomba radhi, na hakuna mzee wa Machame au Rombo atakayehitaji kuelezwa. Usilifanye pambo la kadi ya siku ya kuzaliwa.

Vitenge, maua, shanga na kahawa

Mafundi cherehani wana mifuko ya mabaki ya vitenge, na wengi watakupa ukiomba vizuri. Tafuta michoro midogo, maana kitenge chenye ua kubwa kama sahani kikikatwa kipande cha sm 5 hakibaki na ua. Siri ya kitenge ni kukibandika kwanza juu ya karatasi nyembamba kwa gundi nyeupe iliyosambazwa kidogo sana, kukiacha kikauke, ndipo ukikate. Ukingo hautoi nyuzi na kipande kinakuwa kigumu kama karatasi. Gauni la kitenge juu ya mwanamke aliyekatwa kwenye ganda la mgomba ni mchanganyiko usiochosha.

Maua ya kukausha: bogenvilia inashinda yote, kwa kuwa ni nyembamba kama karatasi tangu ikiwa mbichi na inabakiza rangi yake kwa muda mrefu. Ipo kwenye ua wa kila nyumba ya pili. Jakaranda inatamanisha inapofunika barabara za Arusha mwezi wa Oktoba na Novemba, lakini maua yake yana maji mengi na yakikauka yanageuka kahawia. Ni afadhali kuichora. Weka maua kati ya kurasa za gazeti ndani ya kitabu kizito, wiki mbili, bila kuchungulia. Maua ya mlimani yaache huko, kwani ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchuma kitu.

Shanga za Kimasai zinapendeza, ila zina uzito na unene. Zishone kwa uzi mwembamba kwenye karatasi ya gramu 300, mstari mmoja au duara dogo, na ufunike mafundo ya nyuma kwa karatasi. Kabla ya kupanga rangi, muulize mama anayezishona pale Soko la Wamasai, Arusha. Mpangilio wa rangi kwao una kanuni zake, na dakika tano za kuuliza zitakupa kadi ambayo Mmasai mwenyewe ataitambua.

Kahawa inatoa rangi ya udongo ambayo hainunuliki. Chemsha kahawa nzito, ichuje, iache ipoe, kisha ipake kwa brashi pana juu ya karatasi nyeupe. Ikikauka unapata mandhari ya kahawia nyepesi. Pitisha mara ya pili sehemu unazotaka zikolee. Karatasi itajikunja kidogo. Ikishakauka, ipige pasi kwa nyuma.

Na kama unajua kuchora, chora. Mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wenye rangi kamili na mistari iliyo wazi, unafaa sana kadi, kwa sababu mnyama mmoja mwenye umbo lililo wazi anasomeka hata kwenye sm 10.

Gundi

Gundi nyeupe ya maseremala ndiyo ya kazi nyingi. Isambaze kwa kipande cha manila mpaka iwe utando mwembamba. Inayotoka pembeni ukibonyeza ni nyingi mno. Gundi ya kijiti inashika karatasi kwa karatasi, lakini ganda la mgomba litabanduka baada ya wiki. Selotepu iache kabisa, inageuka njano. Gundi kali ya viatu na ile inayokauka papo hapo zinaacha doa au ukungu mweupe kuzunguka shanga.

Ukishabandika, weka karatasi safi juu, halafu vitabu vizito, usiku mzima. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na kwenye baridi ya Juni na Julai, zipe kadi siku mbili. Kadi iliyofungwa kwenye bahasha ikiwa na unyevu itashikana na bahasha yake.

Maneno

Hapa ndipo kadi nyingi nzuri zinapoanguka. Mtu ametumia jioni nzima kukata migomba, kisha ndani ameandika "Nakutakia kila la heri katika maisha yako" na kumaliza. Maneno hayo yangemfaa mtu yeyote. Andika kitu ambacho mpokeaji peke yake ndiye anayeweza kukipokea.

Kwa mkubwa, salamu itangulie. "Shikamoo Bibi. Mwaka huu hatutafika nyumbani Krismasi, lakini watoto wamekata huu mgomba wenyewe, na mdogo anasema ni ule wa nyuma ya jiko lako." Kwa mhitimu: "Hongera mdogo wangu. Miaka minne umeamka saa kumi na moja alfajiri, na sisi tulikuwa tunakusikia." Kwa maharusi, taja kitu unachokijua kuwahusu wote wawili, kisha dua yako. Kwa rafiki Mwislamu, "Idd Mubarak" iandikwe vizuri kwa nje, na ndani umsalimie yeye na watu wa nyumbani kwake kwa majina. Kadi ya komunyo au kipaimara inabeba vizuri mstari mmoja wa Biblia, uliouchagua kwa kumfikiria mtoto yule, pamoja na tarehe ya siku yenyewe.

Kadi ya pole ni ngumu kuliko zote, na inatakiwa kuwa fupi kuliko zote. Sema pole, mtaje marehemu kwa jina au kwa cheo alichokuwa nacho kwako, kisha sema utakachofanya: "Pole sana Mama kwa kuondokewa na Baba. Alitufundisha kupogoa kahawa. Jumamosi tutakuja kukaa na wewe." Watu huandika pia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kama ndiyo imani yenu, iandike, lakini isiwe yote uliyoandika.

Kanuni ya utendaji: maneno yaandikwe kabla ya mapambo kubandikwa, au yaandikwe kwenye karatasi nyeupe ya kawaida iliyo ndogo kwa mm 5 kila upande, kisha ibandikwe ndani kwa mstari mwembamba wa gundi karibu na mkunjo. Ukikosea herufi, unabadili karatasi na kadi inabaki salama. Ili neno likae katikati, hesabu herufi pamoja na nafasi, tafuta herufi ya katikati, iweke kwanza kwenye mstari wa kati kwa penseli, halafu andika kwenda kulia na kurudi kushoto. Majina ya watu yahakiki kwa kuuliza. Jina lililokosewa linafuta kazi yote.

Ukitaka kadi nyingi

Mwaka 1843 Henry Cole wa London alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja ya Krismasi, ikachapwa nyingi na kupakwa rangi kwa mkono, ikiwa na nafasi ya kujaza jina la mpokeaji. Njia hiyo bado inafaa: mchoro mmoja, majina tofauti. Mashine huihitaji. Kata muhuri kwenye soli ya kandambili iliyochakaa. Chora umbo, kata kwa wembe na uondoe pembeni kina cha mm 4. Paka rangi ya maji nzito kwenye kipande cha sponji ya godoro, gusisha muhuri hapo, kisha gonga kwenye kadi. Herufi zikatwe zikiwa zimegeuzwa, kama unavyoziona kwenye kioo. Kiazi nacho kinakubali, ila kwa siku moja tu.

Tengeneza sampuli moja mpaka mwisho, iingize kwenye bahasha, itoe, isimamishe mezani usiku kucha. Ikianguka, karatasi ni nyepesi au pambo liko juu mno. Ikikupendeza asubuhi, ndipo ukate zote, ukunje zote, ugonge zote, ubandike zote, kwa mafungu. Kufanya kadi moja moja kuanzia mwanzo hadi mwisho kunachosha, na vipimo vinaanza kuhama.

Anayeuza aandike gharama ya kila kitu kwenye kadi moja, pamoja na bahasha, usafiri na kile kilichoharibika, halafu aongeze saa zake za kazi kwa bei ambayo angekubali kulipwa na mtu mwingine. Watu wengi wanauza kwa bei ya karatasi na kujikuta wamefanya kazi bure. Kadi za wageni wanaopita karibu na Mnara wa Saa wa Arusha zisiandikwe kitu ndani, na ziwe bapa ili ziingie kwenye begi. Mbegu usibandike kwenye kadi hizo, kwa kuwa nchi nyingi haziruhusu mbegu kuingia bila kibali. Kadi za wenyeji zinataka Kiswahili kwa nje, na nafasi ya kutosha ndani kwa majina ya familia nzima.

Kalenda ya kazi

Migomba na maua yakusanye na kuyakausha Agosti na Septemba, jua linapokuwa kali na hewa kavu. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba na kidato cha nne Novemba, kwa hiyo kadi za kuwatakia heri ziwe tayari wiki mbili kabla. Za Krismasi zikamilike mwishoni mwa Novemba, kabla mabasi hayajajaa watu wanaorudi Moshi, ili anayesafiri azibebe mkononi. Za Pasaka huangukia wakati wa masika. Bandika mapema, kausha ndani ya nyumba, na uzihifadhi kwenye boksi lenye gazeti kavu chini na juu.